Kukata sikio, chapa ya moto au hereni: uweke alama ipi kwenye mifugo yako?

Mwaka juzi mtamba wangu mwekundu alipotea siku kumi na moja. Nilimkuta mnadani, na mtu mwingine ameshika kamba yake akisema ni wake, kazaliwa zizini kwake. Alama zote alikuwa nazo. Sikio la kulia lilikuwa na pengo la familia yetu, lakini yule bwana ana undugu na mama yangu mkubwa, na kwao wanakata pengo lilelile. Pajani kulikuwa na chapa, ila siku ya kumpiga alijirusha, chuma kikateleza, kikaacha kovu pana lisilosomeka hata ukilipapasa kwa kidole. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika mpaka ukingoni. Hapo ndipo hereni ilipokuwa.

Alama tatu, na hakuna hata moja iliyoweza kusema mtamba ni wa nani.

Kesi ililala wiki nzima, mtamba akila majani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Iliyoimaliza ni picha. Binti yangu anasoma sekondari mjini, na likizo iliyotangulia alimpiga mtamba yule picha akiwa amesimama mbele ya lango la zizi letu, hereni ikiwa bado sikioni na namba inasomeka. Yule bwana aliitazama simu, akamtazama mtamba, akaitazama simu tena. Kisha akaniachia kamba bila neno.

Tangu siku hiyo jirani wananiuliza alama gani ni bora, na mimi huwauliza kwanza: siku mnyama wako akipotea, nani atakayeisoma hiyo alama? Mzee wa ukoo wako? Askari wa kituo cha wilaya nyingine? Dalali wa mnada wa Pugu? Mtu wa machinjio? Alama ni maandishi, na maandishi yanataka msomaji. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mfugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo wa huku kwetu Tanzania na wenzetu wa Kenya, aliyekwama kati ya njia hizi.

## Mambo sita ya kupimia

Nitaipima kila njia kwa mambo yaleyale.

*Kusomeka:* unaiona ukiwa umbali gani? Mchungaji anayetafuta ng'ombe wake lamboni, katikati ya kundi la watu, hana nafasi ya kushika kila sikio.

*Kudumu:* itakuwepo mnyama akiwa mzee, baada ya miiba, jua, kupe na josho?

*Mwizi:* akitaka kuifuta au kuigeuza, atahangaika kiasi gani, na akimaliza atakuwa ameacha dalili?

*Mnyama mwenyewe:* maumivu, kidonda, na ngozi itakayouzwa baadaye.

*Mfuko:* fedha, vifaa na mikono ya watu.

*Mbele ya watu:* ikifika kwenye baraza, polisi au mahakama, ina kauli?

Jambo hili la mwisho ndilo watu wengi hawalifikirii mpaka wafike kwenye shauri.

## Kukata sikio

Hii ndiyo njia kongwe, na bado ndiyo inayotumika zaidi kwa mbuzi na kondoo. Unakata pengo la nusu duara nchani, au pembetatu kwenye ukingo wa juu, au mpasuko mmoja katikati. Kila familia ina mkato wake.

Kusomeka. Ukiwa karibu, inasomeka vizuri. Ukiwa mbali, huoni kitu, hasa masikio yanapopepea kufukuza nzi. Kwa Wamaasai sikio halifanyi kazi peke yake. Chapa ya mwilini, wenyewe huiita *olmishire*, hutaja ukoo. Mkato wa sikio hushuka mpaka kwenye familia. Mzee anayejua huvisoma vyote viwili kwa pamoja, kama unavyosoma jina la mtu na la baba yake.

Wafugaji wa nguruwe wamekwenda mbali zaidi, na nawasifu kwa hilo. Kuna utaratibu unaojulikana sana ambamo kila sehemu ya sikio ina thamani yake: 1, 3, 9, 27, na kwenye ncha ya sikio la kulia 81. Sikio la kulia ni namba ya uzao, la kushoto ni namba ya kitoto ndani ya uzao huo. Unajumlisha mapengo. Pengo moja la 9 na mawili ya 1 kwenye sikio la kulia ni uzao wa 11. Kwa wembe na hesabu ya darasa la pili, kila nguruwe ana namba yake. Sijaona wafugaji wa mbuzi wa huku wakiutumia, na sioni kwa nini wasijaribu.

Kudumu. Pengo halizibi. Lakini sikio lenyewe huharibika: hunaswa na migunga, huumwa na mbwa, na kupe wa masikio wakizidi hulifanya lioze na kukunjamana mpaka mkato usitambulike.

Mwizi. Anaongeza mkato, au anakata sikio lote mpaka shinani. Mahali ambapo watu wanasoma masikio, ng'ombe mwenye sikio la kisiki hutiliwa shaka papo hapo, kila mtu anauliza limekatwa kwa nini. Akifikishwa mji wa mbali hakuna anayeuliza.

Mnyama mwenyewe. Maumivu ni makali lakini mafupi, damu ni kidogo ukikata ndama akiwa mdogo. Hatari iko kwenye wembe. Wembe mmoja usiosafishwa, ukipita masikio arobaini, unabeba ndigana baridi kutoka mnyama mgonjwa hadi mzima, kwa sababu ugonjwa huo hupita kwenye damu. Chovya wembe kwenye dawa kila unapomaliza mnyama mmoja. Fanya kazi hii kiangazi, nzi wakiwa wachache. Masika kidonda huingia funza upesi. Ngozi haipotezi thamani hata kidogo.

Mfuko. Ni kama bure.

Mbele ya watu. Kwa wazee wa mahali penu, mkato ni ushahidi mzito. Kwa askari wa wilaya nyingine ni sikio lenye pengo tu. Na kama ilivyonikuta mimi, ndugu wawili wakiwa na mkato mmoja, alama haiwezi kuwaamua.

Inamfaa mwenye mbuzi na kondoo wengi, anayechunga na watu wanaofahamiana, na ambaye mnyama wake akipotea hupotelea kwenye kundi la jirani.

## Chapa ya moto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia yenye mabishano mengi na ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu wenye haraka.

Haikuja na serikali. Wafugaji wa jamii za Kisomali wa Garissa na Wajir huwapiga ngamia chapa wanayoiita *sumad*, shingoni, shavuni au pajani, ikionyesha ukoo, na ngamia anaweza kutembea siku nyingi akiwa peke yake na bado wasomaji wake wakamjua. Kenya ina sheria ya kuweka mifugo chapa, Sura ya 357, inayomwezesha mfugaji kusajili chapa yake mwenyewe. Tanzania, Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilipitishwa mwaka 2010, na mwaka 2017 vijiji vingi vilipanga foleni kwenye vibanio, vile vichochoro vya mbao vya kumbana mnyama asitembee, kupiga ng'ombe chapa za herufi na namba zinazoonyesha mahali mnyama anakotoka.

Zingatia tofauti hiyo. Chapa ya ukoo inasema ng'ombe ni wa akina nani. Chapa ya kijiji inasema katoka wapi. Chapa iliyosajiliwa kwa jina lako inasema ni wako. Watu wengi wana ile ya pili wakidhani wana ya tatu.

Kusomeka. Hakuna njia inayoishinda, ikipigwa vizuri. Herufi yenye urefu wa sentimita 7 hadi 10 unaisoma ukiwa umesimama ng'ambo ya lambo. Ndama akipigwa mdogo, chapa hukua pamoja naye.

Ila "ikipigwa vizuri" ina maneno mengi ndani yake. Chuma kinachong'aa chekundu ni cha moto kupita kiasi: kinawasha nywele, kinazama, na kovu linakuwa nene bila umbo. Chuma kilichoiva kina rangi ya majivu. Mnyama awe mkavu kabisa, maana akiwa na maji mvuke unaunguza pembeni na herufi inatawanyika. Afungwe kwenye kibanio asiweze kujitupa. Bonyeza sekunde 3 hadi 5, ukilaza mkono taratibu upande huu na upande huu ili chuma kiguse chote, kisha ondoa bila kukokota. Ukiona ngozi imebaki na rangi ya kahawia ya kiatu kipya, umepatia. Na unapomwagiza mhunzi chuma, mwambie herufi zenye matumbo kama B, A au 8 aziachie uwazi mdogo mahali mistari inapokutana. Zikiwa zimezibwa, joto hukusanyika humo na tumbo la herufi linageuka kidonda kimoja.

Mtamba wangu alipigwa na chuma chekundu, akiwa ameshikwa na vijana wawili kwa kamba. Nilikuwepo, niliona, nikanyamaza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na jua limeanza kuchoma. Kovu lile limenifundisha.

Kudumu. Maisha yote, kama haikuteleza. Manyoya marefu huificha msimu mwingine, nyoa, itaonekana.

Mwizi. Hawezi kuiondoa. Anaweza kuigeuza: C ikawa O, I ikawa T, au akaunguza juu yake mpaka isisomeke. Lakini kovu jipya juu ya la zamani halina rangi moja nalo, na mnyama akichinjwa huonekana vizuri upande wa ndani wa ngozi. Ndiyo maana inafaa kuchagua alama isiyoongezeka kirahisi.

Mnyama mwenyewe. Nisiifunike: hii inauma kuliko zote ninazozieleza hapa, na maumivu yanaendelea siku kadhaa baada ya chuma kuondoka. Kidonda kinahitaji kukaguliwa. Kwa kondoo na mbuzi naiona haifai kabisa, ngozi yao ni nyembamba mno. Na kuna ngozi ya biashara. Sehemu yenye thamani ni mgongo na mbavu. Chapa ikikaa hapo, kiwanda kinaishusha daraja. Shingoni au chini kwenye mguu wa nyuma hasara ni ndogo. Usoni, tafadhali, hapana.

Mfuko. Chuma kinatengenezwa mara moja na kinatumika miaka. Gharama yake halisi ni kuni, kibanio na watu wanne au watano wa kazi. Ukiwa na ng'ombe wengi, gharama kwa kila kichwa inakuwa ndogo sana. Ukiwa na watatu, unasumbua kijiji kizima.

Mbele ya watu. Iliyosajiliwa ina nguvu kubwa, kwa kuwa kuna kitabu mahali fulani chenye alama ile na jina lako. Ya kijiji inasaidia polisi kujua pa kupiga simu, na wizi mwingi wa kusafirisha kwa lori hufichuka hivyo: kibali cha kusafirisha mifugo kinasema wametoka wilaya hii, chapa inasema wilaya ile. Ila ugomvi wa majirani wawili wa kijiji kimoja hauwezi kuumaliza, maana wote wana chapa moja.

Inamfaa mwenye kundi kubwa linalohama, linalochanganyika na makundi mengine kwenye maji na malisho, na anayeishi mahali ambapo ng'ombe huswagwa usiku kwa wingi.

## Hereni

Kuna ya kawaida, ya plastiki yenye namba iliyoandikwa, na kuna ya kielektroniki, yenye kijichipu ndani. Nitazieleza pamoja kisha nitofautishe panapohitajika, maana sikio ni lilelile na koleo la kuivishia ni lilelile.

Kwanza niondoe kosa moja linaloturudia huku kaskazini. Ndama waliochanjwa ndigana kali huvishwa hereni, na mnadani wanunuzi wanaijua na huongeza bei kwa sababu yake. Ile ni hereni ya chanjo. Inasema mnyama kachanjwa, haimtaji mwenyewe. Nimewaona watu wakiing'ang'ania kwenye shauri kama hati ya nyumba.

Kusomeka. Namba kubwa unaisoma ukiwa hatua chache. Namba za hereni ndogo ya mbuzi lazima umshike. Ya kielektroniki haisomeki kwa jicho kwa maana ya chipu. Inataka kisomeo, kifaa cha mkononi kinachosogezwa karibu na sikio. Haina betri ndani, inaamka pale kisomeo kinapoikaribia. Kinachotoka ni namba ya tarakimu 15 tu, si jina lako. Kwa utaratibu wa kimataifa tarakimu tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi: 834 ni Tanzania, 404 Kenya, 800 Uganda. Ukiona inaanza na 9, mara nyingi hiyo ni namba ya mtengenezaji. Jina lako, kijiji chako na idadi ya mifugo yako vimekaa kwenye kanzidata, mbali na sikio. Kama hukuandikishwa vizuri, chipu haiwezi kukusaidia.

Kudumu. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Jua letu hukausha plastiki ikawa ngumu na kukatika. Miiba huinasa. Ndama hutafunana masikio. Sehemu kubwa ya kupotea hutokana na kuwekwa vibaya: ikikaa ukingoni itachanika, kama ya mtamba wangu. Weka katikati ya sikio, upande wa karibu na kichwa, kati ya matuta mawili ya gegedu, mahali pasipo mshipa wa damu unaoonekana. Kwa ndama acha nafasi, sikio litakua.

Mwizi. Mkasi, sekunde mbili. Hata kidonda anaweza kukificha kwa kusema ni mwiba. Huo ndio ukweli, na anayekuambia hereni pekee itazuia wizi hajawahi kuibiwa.

Mnyama mwenyewe. Ni tundu moja dogo, linalopona ndani ya wiki chache likiwa safi. Chovya ncha ya hereni na koleo kwenye dawa, epuka masika kama unaweza, kagua sikio baada ya siku tatu. Ngozi haiguswi.

Mfuko. Unalipa kila kichwa, na unalipa tena inapodondoka. Koleo linaweza kununuliwa na kikundi. Kisomeo ni ghali kwa mfugaji mmoja, kwa hiyo ya kielektroniki inategemea ofisi, mnada au kikundi kuwa nacho. Mahali ambapo serikali inaziweka kwa kampeni, uliza afisa mifugo wako unachangia nini kabla hujanunua za mtaani.

Mbele ya watu. Hapa ndipo inaposimama juu ya nyingine zote, ikiwa bado ipo sikioni na imeandikishwa. Namba moja, mnyama mmoja, mwenyewe mmoja. Ugomvi wa ndugu unaishia hapo. Ukitaka mkopo, bima au soko la nje linalodai kujua nyama imetoka wapi, hili ndilo wanalolitaka. Ndiyo njia Tanzania inayoelekea: hereni za kielektroniki zilianza kusukumwa mwaka 2021, na Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ikazinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu. Panapokuwa na agizo la kuweka hereni, hapo hakuna kuchagua. Unachochagua ni alama gani uongeze juu yake.

Inamfaa mfugaji wa maziwa mwenye ng'ombe wachache, anayeandika nani kazaa lini na nani kachanjwa lini, na mtu anayeuza kwenye masoko rasmi.

## Njia nyingine, kwa kifupi

*Chapa baridi* hutumia chuma kilichopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inaua rangi ya nywele, na baada ya wiki kadhaa nywele nyeupe zinaota kwa umbo la chapa. Maumivu ni pungufu kuliko ya moto na ngozi haiharibiki sana. Inapendeza kwenye ng'ombe mweusi au mwekundu. Kwa mweupe haionekani mpaka uishikilie muda mrefu zaidi mpaka nywele zisiote tena. Naitrojeni yenyewe unaipata kwa mtaalamu wa uhimilishaji, yule anayepandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija, basi kama anafika kwenu na mtungi wake, zungumza naye. Bila yeye, sahau.

*Tatuu* ni namba inayotobolewa kwa wino ndani ya sikio. Haichaniki, haidondoki, mwizi haioni. Na mnunuzi naye haioni, hilo ndilo tatizo, tena kwa sikio jeusi unahitaji wino wa kijani na tochi. Kwa mbuzi wa maziwa wenye kumbukumbu za ukoo wao ni njia safi sana.

*Bolasi* ni kidonge kizito cha kauri chenye chipu, mnyama anakimeza na kinabaki kwenye tumbo la pili maisha yake yote. Mwizi hawezi kukitoa bila kuchinja. Botswana walianza na bolasi mapema miaka ya 2000 kwa ajili ya soko la nyama la Ulaya, baadaye wakahamia hereni. Kwa mfugaji asiye na kisomeo, ni siri ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuisoma.

## Ukiwa katika hali hii

*Una ng'ombe kumi au chini, wanalala bandani:* hereni inatosha, pamoja na daftari. Andika namba, rangi, jinsia, mama yake na tarehe ya kuzaliwa. Piga picha tatu, upande wa kushoto, wa kulia na uso, na uzitume kwa mtu mwingine ili simu ikipotea zisipotee nayo.

*Una kundi kubwa na mnahama kiangazi:* usitegemee alama moja. Chapa kwa ajili ya macho ya mbali na ya mwizi, hereni kwa ajili ya namba. Kama ukoo wenu una chapa, iendelee. Ongeza yako binafsi, na ulizia ofisi ya mifugo kama inaweza kusajiliwa.

*Una mbuzi na kondoo tu:* sikio, na ukiweza hereni ndogo kwa majike ya kuzalisha na mabeberu. Wale unaofuga kuuza ndani ya miezi michache, mkato unatosha.

*Mnaishi na ndugu mnaotumia mkato mmoja:* kaeni mtofautishe sasa, mkiwa mnapendana. Mmoja abaki na sikio la kulia, mwingine ahamie la kushoto. Mimi na wale wa upande wa mama yangu mkubwa tumefanya hivyo baada ya shauri, na haikuwa rahisi kulizungumza.

*Uko jirani na njia ya lori au mpaka wa nchi:* hapo wasomaji wako ni askari wa kizuizi na mkaguzi wa mnada. Ng'ombe awe na chapa inayosomeka bila kumshusha, na hereni inayolingana na kibali.

*Unauza ngozi au una mkataba na kiwanda:* waulize kwanza wanakubali chapa wapi mwilini. Kama jibu ni hakuna, nenda na hereni mbili, moja kila sikio. Ikidondoka moja, nyingine inabaki mpaka uirudishie.

*Umenunua mnyama mwenye alama ya mtu mwingine:* usiunguze juu yake na usikate sikio kuondoa mkato wa zamani, hata kama umemlipia kihalali. Utajifanya mwizi kwa mkono wako mwenyewe. Weka yako pembeni. Dai stakabadhi ya mnada yenye rangi, jinsia na alama alizokuja nazo, na namba ya hereni ibadilishwe jina ofisini. Stakabadhi zangu nimezifunga kwenye nailoni ndani ya sanduku la mke wangu, na ya juu kabisa ni picha ya mtamba mwekundu, iliyochapishwa stationari ya mjini. Mwaka huu amezaa, jike, na ndama wake anavishwa hereni wiki ijayo, katikati ya sikio.